Ubavuni mwa Kilimia, mvutano hauzai nyota peke yake

Kwenye vitabu vingi vya sayansi vya shule, nyota huzaliwa kwa sentensi moja: wingu la gesi likajikusanya kwa nguvu ya mvutano, likapata joto, likawaka. Sentensi hiyo niliikariri nikiwa mwanafunzi, na nilipokuwa mwalimu nikaiandika ubaoni mara nyingi. Leo naiandikia makala nzima kwa sababu naamini inaacha nje nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoeleza kwa nini mawingu ya angani yana sura tunayoiona.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo sentensi hiyo inapokwama. Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina gesi baridi ya molekuli yenye uzito wa majua kama bilioni moja. Gesi hiyo ingeachiwa mvutano tu, ingeporomoka ndani ya miaka milioni chache, na kila mwaka tungepata nyota mpya zenye uzito wa mamia ya majua. Tunachopata ni uzito wa jua moja au mawili kwa mwaka. Pengo la mara mia na ushei si la kufumbiwa macho. Kuna kitu kinaishika gesi, au kinaipangia njia. Hoja yangu ni kwamba hilo la pili ndilo tulilolidharau: uga wa sumaku uliotanda kati ya nyota kazi yake kubwa si kuizuia gesi, ni kuichagulia pa kupita.

Ushahidi hauko mbali. Uko ubavuni mwa Kilimia, lile kundi dogo la nyota.

Mjomba wangu, mvuvi wa Kojani kule Pemba, hakuwa na kalenda ukutani. Alikuwa na Kilimia. "Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," alikuwa akituambia, kama wakulima na mabaharia wa pwani walivyoambizana kabla yake. Usiku mmoja wa Novemba alinikalisha kwenye ngalawa iliyopwelewa akanitaka nizihesabu nyota zake. Nilipata sita, yeye akasema saba, tukahesabu tena na tena mpaka shingo zikauma. Ambacho hatukukiona, wala macho matupu hayawezi kukiona, ni ukungu wa buluu uliozizunguka nyota zile.

Picha ya kamera iliyoachwa wazi kwa muda mrefu huutoa ukungu huo. Karibu na nyota iitwayo Merope haukutapakaa ovyo kama moshi wa jikoni. Umepangika kwa michirizi myembamba inayokwenda sambamba, kama nywele zilizopitishwa kitana. Mwaka 1912 Vesto Slipher, katika kituo cha Lowell kule Arizona, aliichambua nuru ya ukungu huo akakuta ni nuru ileile ya nyota zilizo karibu. Ukungu hauwaki wenyewe. Ni vumbi linalorudisha mwanga. Tena vumbi hilo si mabaki ya wingu lililoizaa Kilimia. Nyota hizo zina umri wa miaka kama milioni mia moja, na wingu lililozizaa lilishatawanyika zamani sana. Zinapita tu ndani ya wingu lisilo lao, kama gari la taa kali lililokutana usiku na vumbi la barabara ya udongo. Kwa bahati hiyo tumewashiwa taa ndani ya gesi ya kawaida ya angani, tukaona kwamba hata gesi ya kawaida ina nyuzi. Wanaastronomia wameihusisha michirizi hiyo na sumaku kwa miaka mingi. Lakini sumaku haionekani. Walijuaje?

Walijua kwa nuru. Chukua miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayovaa watu wa baharini ili mng'ao wa maji usiwazuie kuona chini. Tazama kioo cha simu kupitia miwani hiyo, kisha igeuze simu taratibu. Kwa simu nyingi utafika kwenye pembe ambapo kioo kinakuwa cheusi. Nuru ya kioo hutikisika upande mmoja, na miwani nayo hupitisha upande mmoja; pande hizo zikipishana, hakuna kinachopita. Mwaka 1949 William Hiltner na John Hall, Wamarekani wawili, walitangaza kuwa wamepima nuru ya nyota za mbali kwa ufundi wa jinsi hiyo na kukuta nayo ina upande inaouelemea. Nyota zilizo jirani angani zilikuwa zikikubaliana upande.

Nyota haitoi nuru ya namna hiyo. Nuru huipata sifa hiyo njiani, inapopenya vumbi. Chembe za vumbi la angani ni ndogo kama za moshi, tena si za mviringo, ni ndefundefu. Zinazunguka kama pia, na sumaku huzifanya zilaze urefu wao kukingama mistari yake. Zikiwa zimelala hivyo, hula zaidi mtikisiko wa nuru unaofuata urefu wao, na mtikisiko unaobaki kutufikia ni ule unaokwenda sawia na mistari ya sumaku. Kwa hiyo kila nyota iliyo nyuma ya vumbi ni mshale mdogo unaotuonyesha sumaku ya mahali hapo imeelekea wapi.

Miaka minne baadaye, 1953, wanafizikia Subrahmanyan Chandrasekhar na Enrico Fermi waligundua kwamba mishale hiyo inaweza kusema hata nguvu ya sumaku. Fikiria kamba ya nanga. Ikikazwa sana, mawimbi hayaichezeshi. Ikilegea, kila wimbi linaiyumbisha. Mistari ya sumaku nayo, ikiwa na nguvu, hubaki imenyooka hata gesi ikichafuka; ikiwa dhaifu, gesi huivuruga na mishale huelekea ovyo. Pima mvurugiko wa mishale, pima kasi ya gesi, jua uzito wake, na utapata nguvu ya sumaku. Kati ya hoja zote za fizikia ya anga nilizozisoma, sijakutana na nyingi zinazopata mengi hivyo kwa vitu vichache hivyo.

Tarakimu zilizopatikana ni ndogo mno. Ni mikrogausi chache (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku, na mikrogausi ni sehemu yake moja ya milioni), dhaifu kwa makumi ya maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Chombo cha anga cha Voyager 1, tangu kilipotoka kwenye eneo la upepo wa Jua mwezi Agosti 2012, kimeipima sumaku ya nje kwa chombo chake chenyewe na kukuta kiasi kilekile, mikrogausi kati ya nne na tano. Watu wengi husikia hivyo wakaona sumaku haina habari. Wanasahau gesi yenyewe ilivyo nyembamba. Hewa tunayovuta ina molekuli zaidi ya bilioni bilioni ishirini katika sentimita moja ya ujazo. Kati ya nyota, wastani katika ujazo huohuo ni atomu moja hivi. Unyoya hauhitaji tufani. Ukiweka mizani ya nishati, ya sumaku, ya msukosuko wa gesi na ya miale ya kosmiki, yaani chembe zenye chaji zinazokimbia angani kwa kasi kubwa mno, zinakaribiana. Hakuna iliyo kubwa kiasi cha kuwapuuza wenzake, na kwa maoni yangu huko kukaribiana ndiko kulikowafanya wataalamu wabishane nusu karne: kila mmoja akitazama upande wake wa mizani aliona hoja yake ina uzito.

Sasa rudi Kilimia. Nyosha mkono, kunja ngumi, pima ngumi moja kuelekea mashariki yake. Hapo hakuna kitu cha kuona, na hilo ndilo jambo lenyewe. Nyota za nyuma zimezibwa. Mwanaastronomia Edward Emerson Barnard alitumia miaka kuyapiga picha maeneo meusi ya namna hii, na kwa muda mrefu alisita: haya ni matundu katika anga, au ni mawingu yanayoziba? Orodha yake iliyochapishwa mwaka 1927 ndiyo iliyoupa utepe mmoja wa giza hilo jina la B213. Ni sehemu ya wingu la Tauri, lililo umbali wa miaka ya nuru kama 450, karibu sawa na Kilimia yenyewe. Kati ya mahali ambapo nyota zinazaliwa sasa hivi, hapa ni miongoni mwa palipo karibu nasi zaidi. Wingu lote lina uzito wa majua kama 24,000, na nyota changa zilizokwisha zaliwa humo ni mamia tu.

Ramani kubwa ya wingu hilo iliyochapishwa mwaka 2008, iliyochorwa kwa mawimbi ya redio ya monoksidi ya kaboni, ilionyesha kitu nilichokitazama siku nzima nilipokutana nacho mara ya kwanza. Kwenye kingo nyembamba za wingu kuna michirizi hafifu, mingi, sambamba, dada wa ile ya Kilimia. Inafuata mishale ya sumaku. Halafu darubini ya anga ya Herschel, iliyorushwa Mei 2009, ikapiga picha za joto la vumbi. Utepe wa B213 ulitokeza kama uti wa mgongo, na michirizi ile inauingia kutoka pande zote mbili kwa pembe mraba, kama mbavu. Mistari ya sumaku inakwenda na mbavu na kuukata uti wa mgongo.

Kwangu mimi picha hiyo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote katika mjadala huu, na nitaeleza kwa nini.

Gesi ndani ya wingu kama hili iko kwenye nyuzi kama 263 chini ya sifuri, na karibu yote haina chaji ya umeme. Kitu kisicho na chaji sumaku haikishiki. Lakini miale ya kosmiki hupenya hadi katikati ya wingu na kung'oa elektroni huku na huku, hivyo hata kwenye kiini cheusi chembe moja katika kila milioni kumi hivi inabaki na chaji. Hiyo moja imefungwa kwenye mstari wa sumaku kama ushanga uzini. Inaweza kuteleza kwenda mbele na nyuma, haiwezi kukata kwenda kando. Na kwa kuwa inagongana na wenzake wasio na chaji, nao huburutwa naye. Hannes Alfvén, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1970, ndiye aliyetufundisha kwamba gesi yenye chaji na sumaku yake husafiri kama kitu kimoja.

Hapa pwani yetu ina nafasi yake katika habari hii, na inasikitisha kwamba watu wachache wanaijua. Jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, lilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Wengi wanaikumbuka hiyo. Novemba 1972 likarusha nyingine, SAS-2, iliyopima miale ya gama kwa miezi michache tu kabla umeme wake haujaharibika. Ilikuta mwanga wa gama umelala juu ya Njia Nyeupe ukifuata maumbo ya galaksi, kwa sababu sehemu kubwa ya miale hiyo hutokea pale miale ya kosmiki inapogonga gesi iliyo kati ya nyota. Kwa maneno mengine, mgongano huo unaoipa gesi ya Tauri chaji kidogo ya kuifanya isikie sumaku ulichorwa kwenye ramani na chombo kilichoondokea maji ya Malindi.

Sasa unganisha. Kama gesi inaweza kuteleza kufuata mistari na haiwezi kirahisi kuikata, basi mvutano unapoanza kuvuta, gesi inakuja kwa njia moja tu iliyo wazi, kufuata mistari. Itarundikana katikati kama utepe, na utepe huo utalala kukingama sumaku. Hivyo ndivyo Tauri ilivyo. Anayejua uzio wa wavuvi, ule wa fito uliosimikwa kwenye maji mafupi, ataelewa haraka. Uzio haufungi bahari. Maji yanapwa na kujaa kupitia fito. Lakini samaki akikuta fito haendi kokote. Anafuata uzio mpaka anaingia shimoni. Mfano huu una mipaka, kwa sababu katika wingu samaki anayaburuta na maji pamoja naye, ila wazo ni hilo: kitu chepesi, chenye nafasi tele, kinaamua mwisho wa safari.

Je, Tauri ni bahati nasibu? Setilaiti ya Planck, iliyorushwa kwa roketi moja na Herschel, ilipima mwelekeo wa sumaku kwa kutumia joto la vumbi anga nzima. Uchambuzi wa mawingu kumi ya karibu, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta mtindo uleule ukijirudia: palipo na gesi nyembamba, maumbo yake yanakwenda na sumaku, gesi inapozidi msongamano fulani, maumbo yanageuka na kuikingama. Mgeuko huo haupatikani kwenye uigaji wa kompyuta ambamo sumaku imewekwa dhaifu sana. Kwa hili nasimama bila kuyumba. Anayesema sumaku ni pambo tu katika mawingu haya ana kazi ya kuueleza mgeuko huo bila sumaku, na sijaona aliyefanikiwa.

Lakini nisiwape watetezi wa sumaku zaidi ya haki yao. Kuanzia miaka ya 1970 kundi lenye nguvu lilifundisha kwamba sumaku huyabeba mawingu kama nguzo, kwa miaka milioni kumi hivi, mpaka gesi isiyo na chaji itiririke polepole kupita katikati ya yenye chaji na kuporomoka. Kundi la pili, lililopata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990, likajibu kuwa mawingu hayaishi muda mrefu hivyo, na msukosuko wa gesi unatosha kuchelewesha nyota. La kwanza lilikuwa sahihi kwamba sumaku ina kazi, likakosea kazi yenyewe.

Ushahidi wa karibuni uko kwenye ujirani uleule. Pima ngumi mbili kutoka Kilimia kwenda mashariki utafika L1544, kiini cha gesi kilicho tayari kuwa nyota na bado hakijawaka. Hapo watafiti walitumia njia iliyogunduliwa na Mholanzi Pieter Zeeman mwaka 1896: sumaku hupasua mstari wa mawimbi unaotolewa au kumezwa na atomu, na upana wa mpasuko husema nguvu ya sumaku. Mpasuko wenyewe ni mdogo kiasi kwamba darubini ndogo haiambulii kitu. Januari 2022 timu iliyotumia FAST, sinia la redio la mita 500 katika mkoa wa Guizhou nchini China, ilichapisha kipimo cha ganda la nje la kiini hicho: mikrogausi 3.8. Katikati ya kiini kipimo cha zamani ni kama 11.

Itazame vizuri hiyo 3.8. Haitofautiani sana na ya gesi nyembamba ya huku nje, ilhali gesi ya ganda lile imesongamana mara nyingi zaidi. Gesi imejaa, sumaku haikujaa nayo. Kama gesi ingekuwa imebanwa kutoka pande zote, mistari ingebanwa nayo na tarakimu ingepanda. Wapo wanaoona hapa kwamba sumaku ilichoropoka kutoka kwenye gesi mapema kuliko nadharia ya zamani ilivyotaka. Mimi naona pia alama ya ile njia ya mbavu: gesi iliyokuja kwa kufuata mistari haikuwa na sababu ya kuibana. Pengine yote mawili yametokea. Vyovyote iwavyo, nguzo iliyobeba wingu kwa miaka milioni kumi haionekani pale.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Tauri ni mtaa wa kimya. Hakuna nyota kubwa zenye kuchoma, wala mlipuko wa karibu. Ukienda kwenye mawingu ya kundi la nyota la Jabari (Orion), ambako nyota nzito zinapuliza na kuchana gesi, msukosuko una sauti kubwa zaidi, na huenda uzio unang'olewa na mawimbi. Hata ndani ya Tauri mambo hayajanyooka kama picha inavyodai. Ukiufumua utepe wa B213 kwa kasi za gesi yake, kama ilivyofanywa mwaka 2013, unakuta si uti mmoja. Ni nyuzi fupi 35 zilizosokotana, kama kamba ya makumbi iliyolegea. Nani aliyezisokota bado kunabishaniwa, na sitashangaa jibu likiwa msukosuko.

Ninachokataa ni tabia ya kuiweka sumaku mwishoni, baada ya kila kitu kuhesabiwa, kama chumvi ya kuonjea. Tabia hiyo ina gharama. Machi 2014 timu ya BICEP2, yenye darubini Ncha ya Kusini, ilitangaza kuwa imeona alama za mwanzo kabisa wa ulimwengu katika mpangiko wa nuru ya kale. Mwanzoni mwa 2015, vipimo vyao vilipowekwa pamoja na vya Planck, ishara hiyo ilionekana kutokana kwa sehemu kubwa na vumbi la Njia Nyeupe yetu, lililopangwa na sumaku. Walikuwa wanatazama mlango wa ulimwengu kupitia pazia, wakalidhani pazia ni mlango.

Ndiyo maana najali sana kinachojengwa Afrika ya Kusini. Darubini ya redio ya MeerKAT yenye masinia 64 tayari imetupa, mwaka 2022, karibu nyuzi elfu moja za sumaku katikati ya galaksi, nyingine zikiwa na urefu wa miaka ya nuru mia moja na hamsini. SKA, darubini kubwa zaidi ya redio inayoifuata, imeiweka sumaku ya angani miongoni mwa kazi zake kuu, na Kenya ni moja ya nchi washirika wa Afrika katika mradi huo. Mawimbi ya redio yakipita kwenye gesi yenye sumaku upande wao wa mtikisiko huzunguka, jambo aliloligundua Michael Faraday kwa nuru na kipande cha kioo mwaka 1845. Kusoma mzunguko huo hakuhitaji mtu awe karibu na darubini. Kunahitaji kompyuta, hisabati na mwalimu anayejua. Vyuo vyetu vikifungua madarasa ya kusoma data hizo sasa, vijana wa Nairobi na Dodoma watakuwemo kwenye kuandika majibu. Na kwenye shule zetu, ile sentensi moja ya ubaoni iongezewe nyingine, hata fupi: gesi ilikuja kwa kufuata sumaku.

Novemba ikifika, ukiwa mahali pasipo na taa, itafute Kilimia upande wa kaskazini mashariki baada ya magharibi. Nyota zake hazitakaa kwenye wingu lile milele. Zina mwendo wao na wingu lina wake, na zikishatoka upande wa pili ukungu wa buluu utazimika. Michirizi itabaki palepale, imepangika vilevile gizani.